Muhogo Ulifika Kabla Yako

JIKONI NA SHANGAZI
Maswali ya wasomaji, yanajibiwa kutoka Ngamiani, Tanga

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mzaliwa wa Makorora. Nina miezi minne hapa Leicester, Uingereza, nimemfuata mume wangu anayesoma. Maduka makubwa nimeyazunguka mpaka miguu imeota sugu: mbaazi sioni, muhogo sioni, unga wa kuaminika sioni. Nazi niliyoiona ni ile ya chenga ya kunyunyizia keki, tena imetiwa sukari. Juzi nilipika wali kwa maziwa ya ng'ombe. Mume akala, akanyamaza. Afadhali angesema. Nisaidie Shangazi, na zaidi bada, ugali wetu wa muhogo, maana sasa naiota usiku.*
*Mke wa Mwanafunzi, Leicester*

Marahaba mwanangu. Wali wa maziwa ya ng'ombe! Huyo mume ni mstaarabu, mtunze.

Mji huo nimekaa miaka kumi na mmoja, nikiosha masufuria na baadaye kupika katika nyumba ya kutunzia wazee, kabla sijarudi zangu hapa Barabara ya 14. Mwezi wa kwanza nilifanya hayo hayo yako. Naingia duka lenye taa nyingi, nasoma rafu moja moja kama mzazi anayetafuta jina la mwanawe kwenye ubao wa matokeo. Unatafuta chakula chetu kwa jina letu, katika duka la watu wasiokila. Utakesha. Tafuta kwanza watu wanaokula kama sisi, halafu uwaulize wao wanakiitaje.

Panda basi uende Belgrave Road, uifuate mpaka inapokuwa Melton Road. Maduka ya hapo mengi ni ya Wahindi wa Kigujarati, na wengi wao wazee wao walitoka Kenya, Uganda na hata huku kwetu. Idi Amin alipowapa Waasia wa Uganda siku 90 wawe wameondoka, mwaka 1972, maelfu yao waliishia mji huo. Mali waliacha, lakini walivyozoea kula walikwenda navyo. Siku yangu ya kwanza nilikuta kreti mlangoni mwa duka, juu yake kipande cha boksi kimeandikwa kwa kalamu nene: MOGO. Nikainama. Muhogo! Neno letu lenyewe, wamelifupisha tu. Ndani kulikuwa na mzee amevaa kofia ya sufi, amekaa nyuma ya mizani. Nikaanza kumuuliza kwa Kiingereza changu cha kuungaunga, akanikatiza: "Mama, unataka wa kuchemsha au wa kukaanga?" Kwa Kiswahili, mwanangu. Nilitoka nikalia kidogo pale kituo cha basi, kisha nikarudi nikanunua kilo mbili.

Muhogo mbichi wa huko mwingi hutoka Costa Rica, nao hupakwa nta usikauke njiani, ndiyo maana ganda lake linang'aa kama kiatu cha Idi. Nta hiyo huficha mengi. Mwombe muuzaji avunje ncha. Nyama iwe nyeupe pepepe. Ukiona vistari vyeusi ndani, rudisha, wala usione haya, wenye duka wanaujua mchezo huo. Ukichoka kubahatisha, fungua friza, utaukuta umemenywa na kukatwa. Mimi mwishowe nilikuwa nanunua huo wa friza tu.

Mbaazi kwao ni tuver. Ila ukisema tuver tupu utapewa zile zilizokobolewa na kupasuliwa, za manjano, nazo hazikupi mbaazi za nazi za kulia maandazi. Sema unataka nzima, uziloweke usiku kucha. Au rudi kwenye friza utafute tuver lilva, mbaazi mbichi za kijani. Soma vizuri neno la kwanza, kwa sababu kuna papdi lilva, na hizo ni fiwi. Nimeshawahi kuunga fiwi kwa nazi nikijua ni mbaazi. Hazikuwa mbaya, ila wageni wangu watatu wa Pangani walitazamana. Ukiangukia duka la Wajamaika, mbaazi huitwa gungo, na mchicha wao ni callaloo. Viungo havitakusumbua: bizari nyembamba ni jeera, giligilani ni dhania, uwatu ni methi, ukwaju ni imli, na iliki wanasema elaichi, hata sikio linakaribia kulijua. Nguru yupo kwenye friza amekatwa vipande, anaitwa kingfish. Changu wa pale Deep Sea, kwetu Tanga, msahau.

Sasa nazi. Ile ya keki iache, labda upate isiyo na sukari. Hiyo ukiimwagia maji ya moto, ukaisaga na kuikamua, hutoa tui jepesi la kusukumia siku. Iliyo bora ni nazi iliyokunwa ya kwenye friza, inayotoka Kerala au Sri Lanka. Iache iyeyuke, tia maji ya vuguvugu, saga, kamua kwa kitambaa safi, na utapata tui la kwanza na la pili kama umekaa na kifumbu uani kwenu. Kopo nalo si haramu. Geuza nyuma usome nazi ni asilimia ngapi, maana mengine nusu yake ni maji, na unalipa bei ile ile. Kopo lisilotiwa dawa ya kushikanisha usilitikise: liweke mahali pa baridi usiku mmoja, ufungue taratibu. Juu utakuta tui zito limeganda kama samli, chini jepesi. Chemshia hilo la chini, hilo la juu litie mwisho moto ukiwa mdogo, lisije likakatika. Kwa wali, mchele wa basmati vikombe viwili, kopo moja la mililita 400, maji kikombe kimoja na nusu, chumvi. Mpikie mumeo, uone kama atanyamaza tena.

Unaweza pia kununua nazi nzima na kuikuna, kama ulibeba mbuzi. Mimi nilibeba. Pale uwanja wa ndege ofisa alifungua sanduku, akakitoa kile kigoda, akakikunjua, akaona ulimi wa chuma wenye meno. Akamwita mwenzake. Wakanikazia macho. Maneno yalinipotea, basi nikakiweka chini, nikakikalia pale pale mbele ya foleni nzima, nikashika nazi ya hewa na kuanza kukuna. Yule mwenzake ndiye aliyeanza kucheka.

Bada nimeiacha nyuma kwa sababu ina mitego. Kosa langu la kwanza lilikuwa garri. Mfuko ulichorwa muhogo, ndani chenga nyeupe, nikasema huu ni unga tu ila kinu chao kibovu. Nikachemsha maji nikasonga. Ikanywa maji yote, ikavimba, ikakaa chenga chenga mwikoni, na ladha ni kama togwa lililosahauliwa. Kumbe garri ni muhogo uliokunwa, ukachachushwa, ukakamuliwa, kisha ukakaangwa kavu. Ni chakula cha watu na wanakipenda, lakini hakisongi bada. Tapioka nayo ni wanga mtupu, utapata gundi ya kubandikia bahasha. Unachotaka ni unga wa kokonte wa Waghana. Wao, kama sisi na makopa yetu, humenya muhogo, huuanika ukakauka kabisa, ndipo wakausaga. Hauchachushwi. Utatoka wa rangi ya udongo, usishtuke. Songa kwa moto mdogo, mkono usiache mwiko, mpaka unavutika.

Ukitamani kisamvu, nenda kwa Wakongo uulize pondu au saka-saka. Kimeshatwangwa na kugandishwa, lakini kutwangwa si kuiva. Majani ya muhogo yana sumu inayotoka kwa kutwangwa na kuchemka sana, kwa hiyo acha kichemke muda mrefu, sufuria wazi, ndipo uunge. Unga wa ugali upo kwa Wazimbabwe na Waafrika Kusini, mweupe, jina lake mealie meal. Hilo halina maneno mengi.

*Asalaam aleikum dada. Mimi ni mtu mzima wa Chumbageni. Mwanangu yuko Hamburg, Ujerumani, na Januari nakwenda kumwona mjukuu. Nimeshaandaa samli chupa mbili, maembe boribo, nazi sita, ng'onda wa papa, na iliki na mdalasini kutoka Amani. Watu wananitisha kwamba vyote vitatupwa. Nipeleke nini?*
*Bibi wa Safari*

Waaleikum salaam dada yangu, na hongera kwa mjukuu.

Samli iache nyumbani. Nchi za Umoja wa Ulaya hazimruhusu msafiri kutoka kwetu kuingia na nyama wala kitu cha maziwa, na samli, tufanyeje, ni maziwa. Mwanao ataipata kwenye maduka ya Wahindi huko huko. Haitanukia kama yako, hilo nakubali.

Maembe nayo yanakwama. Tangu Desemba 2019, matunda na mboga mbichi za kuingia Ulaya lazima ziwe na cheti cha afya ya mimea, hata yakiwa mawili ndani ya mkoba. Yamesamehewa matunda matano tu: nanasi, ndizi, tende, durian, na, furahi dada, nazi. Basi nazi zako sita halali. Zifue makumbi, uzifunge kwa kanga katikati ya nguo kwenye sanduku kubwa, usizibebe mkononi.

Samaki anaruhusiwa mpaka kilo 20 kwa mtu, akiwa ametolewa matumbo. Tatizo lako ni papa. Aina nyingi za papa zimo katika mkataba wa CITES unaolinda viumbe walio hatarini, na kumvusha mpaka kunataka kibali. Ofisa hawezi kukitazama kipande kikavu cha ng'onda akajua ni papa gani, wala wewe hutaweza kumweleza. Badilisha, beba ng'onda wa nguru. Umfunge mifuko mitatu, kila mmoja ndani ya mwingine, kwani abiria wenzako hawajakukosea kitu. Iliki na mdalasini vikiwa vikavu havina neno. Pale soko la Mgandini usinunue vilivyosagwa, chukua vizima, vitakaa mwaka.

Ukifika, mwambie mwanao akupeleke Steindamm, mtaa ulio karibu na kituo kikuu cha treni. Una maduka ya Waturuki na Waafghani, bamia, giligilani na mchele vimepangwa mpaka nje. Kwa ndizi na unga, aulize wanakokwenda Waghana, wako wengi mji huo. Mtoto wa kaka yangu ni baharia, meli yao ikitia nanga Hamburg huko ndiko anakokimbilia kabla hata ya kupiga simu nyumbani, na mama yake hajamsamehe.

*Shangazi shikamoo. Niko Muscat, Oman, mwaka wa kwanza, nafanya kazi za ndani. Natoka Ijumaa tu. Vyakula vyao vitamu lakini nina hamu na mkate wa kumimina na sijui pa kuanzia. Nyumba ina bibi mzee, mkali kidogo.*
*Binti wa Mikanjuni*

Marahaba binti yangu. Anza na huyo bibi mkali. Muda akiwa peke yake, msalimie kwa Kiswahili, "Shikamoo bibi," uone. Waomani wengi wa umri wake walizaliwa Unguja au walilelewa na waliozaliwa huko, wakaondoka baada ya mapinduzi ya 1964, na wengi wakaingia Oman baada ya Sultan Qaboos kushika nchi mwaka 1970. Hata asipojibu, hukupoteza kitu. Akijibu, umeshapata jiko, nazi na mtu wa kukutetea.

Nazi si tatizo huko, minazi ipo Salalah, kusini mwa nchi. Loweka mchele usiku. Asubuhi uchuje, usage na tui zito mpaka usihisi chenga kwenye vidole, utie sukari, iliki na hamira, ufunike. Ukiumuka, paka mafuta sufuria iliyokwisha kushika moto, mimina, funika, moto mdogo chini. Kwetu tunaweka makaa juu ya kifuniko, wewe malizia kwenye oveni mpaka uso ushike rangi. Kama mchele umeusaga na maji mengi utakaa katikati kama uji, na dawa yake hakuna, kwa hiyo tui tia kidogo kidogo.

Ukipoa upeleke kwa bibi na kisu juu ya sahani, umwachie akate kipande cha kwanza mwenyewe.