Kwa mama unayemfuata mchungaji kutumika Ujerumani

Barua ya dayosisi huwa na jina moja. Mchungaji fulani ameteuliwa kwenda kutumika Ujerumani, washarika wanapiga vigelegele, siku ya kuagana inapangwa. Wanaofunga mabegi ni watano.

Kwetu KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, jambo hili limeshazoeleka. Wamisionari Wajerumani wa shirika la Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, wa shirika la Bethel wakafanya kazi Usambara na Bukoba, na sasa wachungaji wetu ndio wanaoelekea kule. Tangu 1996, UEM (United Evangelical Mission) yenye makao yake Wuppertal, Ujerumani, ni ushirika wa makanisa ya Afrika, Asia na Ujerumani yenyewe, na dayosisi zetu kadhaa zimo, Karagwe ikiwa mojawapo. Kuhusu kazi ya mchungaji huko, atafundishwa kwenye semina. Mimi nilikwenda kama mke wake, naandika kwa anayekwenda hivyo hivyo. Baba mchungaji akichungulia si vibaya.

Anza na mkataba, tena kabla haujasainiwa. Uliza bima ya afya inamhusu nani. Uliza kozi ya lugha ya mwenzi inalipwa na nani, na kwa muda gani. Uliza michango yako ya mfuko wa hifadhi ya jamii itakuwaje wakati huna mshahara. Kama umeajiriwa, omba likizo bila malipo kwa maandishi na majibu uyapate kwa maandishi; ahadi ya mdomo ya mkuu wa shule haivuki uhamisho wake. Mtaonekana wasumbufu, vumilieni. Mkishasaini, swali lile lile litaonekana la kukosa imani.

Lugha nayo ianze nyumbani. Kwa kawaida ubalozi humtaka mwenzi aonyeshe cheti cha Kijerumani cha ngazi ya A1, yaani ya mwanzo kabisa, na Goethe-Institut ya Dar es Salaam inafundisha. Usiishie kwenye cheti. A1 inakutosha kununua mkate, haikutoshi kumweleza daktari mtoto anaumwa wapi.

Sasa lile ambalo semina hulipita haraka. Hapa nyumbani wewe ni Mama Mchungaji. Simu inaita alfajiri, kina mama wa usharika wanakusubiri, mmoja analeta mkungu wa ndizi, mwingine analeta habari ya msiba. Kule cheo hicho hakipo. Mke wa mchungaji wa Kijerumani mara nyingi ana kazi yake, ni mhasibu au muuguzi, na Jumapili asipoonekana kanisani hakuna anayehoji. Usidhani umedharauliwa. Wanaona wanakuheshimu kwa kukuacha upumzike. Lakini mumeo anatoka asubuhi na ratiba na funguo za ofisi, wewe unabaki na jiko safi, na mwezi Desemba saa kumi na nusu jioni giza limeshaingia. Hakuna jirani atakayebisha hodi bila miadi. Wanawake wengi wenye nguvu za kuendesha usharika mzima nimewaona wakinyamaza miezi ile.

Dawa yake ni kuwa na kitu chako kwenye kalenda, chenye siku na saa: kozi, kwaya, hata kujitolea jikoni kwenye shule ya chekechea. Kwaya ni njia fupi kuliko zote. Huhitaji kuielewa mistari yote ndipo uimbe alto, na baada ya mazoezi watu hukaa kidogo wakazungumza. Na mweleze mumeo unavyojisikia mapema. Yeye anashangiliwa kila anakohubiri, hawezi kuhisi usipomwambia.

Watoto watakushangaza. Kijerumani watakinyakua kabla yako, na baada ya muda utawasalimia kwa Kiswahili wakujibu kwa Kijerumani. Sisi tuliweka sheria ya mezani: chakula na Kiswahili, anayechanganya anaosha vyombo. Bibi yao alisaidia kuliko sheria. Wakati wa baridi Tanzania inatangulia kwa saa mbili, kwa hiyo saa kumi jioni ya kule ni saa kumi na mbili kwa bibi, ameshatoka shambani, yuko tayari kwa simu. Mtoto anayetaka kusimulia habari za theluji kwa bibi anatafuta maneno mwenyewe.

Mtoto akianza darasa la kwanza, wazazi humwandalia Schultüte, koni kubwa ya karatasi iliyojazwa peremende na penseli. Hakuna atakayekuambia, kwa kuwa kila mtu anadhani unajua. Iandae, mwanao asisimame mikono mitupu kwenye picha.

Darasa la nne ndilo la kuwa macho. Katika majimbo mengi watoto hugawanywa baada ya darasa hilo kwenda shule za sekondari za aina tofauti, na Gymnasium ndiyo njia ya moja kwa moja ya chuo kikuu. Mtoto aliyefika juzi anaweza kupimwa kwa lugha yake badala ya akili yake. Nenda kwenye kikao cha wazazi, nenda na mtu wa usharika anayejua mfumo, uliza. Upole wetu wa kumwachia mwalimu kila kitu, pale unamgharimu mtoto.

Fimbo iacheni uwanja wa ndege. Tangu mwaka 2000 sheria inampa mtoto haki ya kulelewa bila kupigwa, kofi likiwemo, na mtoto atalijua hilo shuleni kabla yako. Mkubaliane ninyi wawili mtaadibu vipi, kwa sababu mtoto akigundua baba na mama hawajapatana, mmekwisha.

Fedha: wekeni kiasi maalumu cha kutuma nyumbani kila mwezi, ndugu wakijue, basi.

Kurudi kunapangwa mwaka mzima kabla, na kalenda ndiyo tatizo la kwanza. Mwaka wa shule wa kule huanza Agosti au Septemba, wetu Januari. Mtoto atapoteza nusu mwaka au ataruka, na mtihani wa kumaliza shule ya msingi haumsubiri aliyesahau Kiswahili cha kuandika. Mwambieni msaidizi wa askofu mapema mnataka kurudi mwezi gani na kwa nini. Ripoti za shule hutolewa mara mbili kwa mwaka. Zitunzeni zote, na zitafsiriwe kwa Kiingereza na mtafsiri aliyeapishwa mkiwa bado kule. Mkifika nyumbani bila tafsiri, mwalimu mkuu atazigeuza geuza mkononi, kisha atamrudisha mtoto darasa moja nyuma.