Jibu: Kudai ada ya fedha za kigeni iliyokatwa kwenye kadi

Ndugu wa Nakuru, unasema ulilipia hoteli Kampala kwa kadi, risiti ikatoka kwa shilingi za Kenya, na bado benki yako ikakukata ada ya fedha za kigeni. Unauliza kama hela hiyo hurudi. Yangu ilirudi, ingawa si yote.

Nilikuwa nimetoka Kisumu kwa basi la usiku kwenda harusi ya binamu. Siku ya kuondoka, bili ya hoteli ilikuwa 420,000 za Uganda. Mashine ya kadi ikauliza: UGX (shilingi za Uganda) au KES (za Kenya)? Mhudumu akabonyeza KES kabla sijavaa miwani, eti nisisumbuke na hesabu. Nikatia sahihi 15,720. Kwa wale wabadilishaji pesa wa Busia ningehesabiwa kama 15,000. Hiyo 720 ndiyo bei ya kutosumbuka.

Halafu stetimenti ikaja na mistari miwili zaidi: 471.60, yaani ada ya fedha za kigeni ya asilimia 3, na chini yake ushuru wa bidhaa uliotozwa juu ya ada hiyo.

Nilikosea kwenda kwenye tawi na hasira. Dada wa dawatini alinisikiliza kwa upole, akasema ndio utaratibu, basi. Nyumbani nikafungua orodha yao ya ada kwenye tovuti. Imeandikwa "miamala ya fedha za kigeni". Haisemi miamala iliyofanyika ng'ambo. Nami nimelipa kwa shilingi za Kenya, risiti hii hapa! Nikaandika barua pepe ya mistari sita, bila matusi, nikaambatanisha risiti, stetimenti na ukurasa huo, nikaomba namba ya malalamiko. Wiki ya tatu ada ikarudi. Ushuru walijifanya kuusahau mpaka nilipowakumbusha.

Kwa hiyo soma orodha ya benki yako neno kwa neno. Ikiwa inataja mfanyabiashara aliye nje ya Kenya, huna kesi hata kama ulilipa kwa KES.

Ile 720 sikuipata. Visa na Mastercard zinataka mteja mwenyewe achague sarafu, lakini karatasi niliyotia sahihi ilikuwa na maneno madogo kwamba nimechagua. Kama wewe hukuulizwa wala hukutia sahihi, pinga muamala kupitia benki yako, na usikawie, maana kupinga kuna muda wake.

Benki ikikunyamazia, peleka lalamiko Benki Kuu. Sisi wa Kisumu wana tawi hapa. Lakini nenda na ile namba, kwa sababu watataka kujua kama ulianza na benki yako.

Mwezi uliopita nilirudi Kampala. Nikaishika mashine mwenyewe na kubonyeza UGX, mhudumu akanitazama kama mshamba. Asilimia 3 ilikatwa, na safari hii sikuwa na la kudai.