Jibu: Swali la hesabu ambalo karibu wote wamelikosa
Jambo, mwalimu wa Kadutu. Unauliza kama ulifute swali la hesabu ambalo karibu darasa zima la sita wamelikosa kwenye mtihani wa majaribio. Usilifute bado, angalia kwanza lugha. Kwenye mafunzo ya kutunga maswali hapa Bukavu, nilimwita mtoto asome swali kama hilo kwa sauti. Alikwama kwenye neno la Kifaransa *remise*. Nilipomwambia ni kupunguziwa bei, alipata jibu papo hapo.

Kisha, kama ni swali la kuchagua jibu, hesabu ni wangapi wamechagua kila jibu. Kama hata wanafunzi hodari wamekimbilia jibu moja unalolihesabu kuwa kosa, huenda kosa ni lako wewe msahihishaji: jibu uliloandika kuwa sahihi ndilo lisilo sahihi.

PASEC, tathmini ya elimu ya msingi katika nchi zinazotumia Kifaransa ambayo Kongo ilishiriki mwaka 2019 pamoja na nchi nyingine 13, hujaribu maswali shuleni kabla ya kuyatumia. Lako lijaribu kwa darasa la jirani.