Mwili unapobaki nyuma ya ndege

Mwanangu,

Umeuliza kwa nini ukishuka kwenye ndege unakesha usiku na kusinzia mchana, ilhali waliosafiri zamani kwa majuma hawakuujua ugonjwa huo. Hawakuujua kwa sababu walikwenda polepole, mwili ukapata nafasi ya kujirekebisha njiani.

Anza na jua. Dunia huzunguka digrii 360 kwa saa 24, yaani digrii 1 kila dakika 4. Bristol, mji wa Uingereza, uko digrii 2.6 hivi magharibi ya London, basi adhuhuri yake huchelewa kama dakika 10. Enzi za magari ya farasi hilo halikumsumbua mtu. Walinzi wa magari ya posta walibeba saa zilizorekebishwa makusudi ziende mbio au zichelewe kidogo, ili safari ikiisha zioane na saa ya mji waliofikia.

Reli ndiyo iliyovuruga. Treni mbili kwenye njia moja, kila moja ikifuata saa ya mji wake, huweza kugongana. Mwaka 1840 kampuni ya Great Western Railway ikaamua kutumia saa ya London vituoni mwake. Bristol iligoma kwa miaka kadhaa. Saa ya jengo la Exchange pale mpaka leo ina mishale miwili ya dakika, mmoja wa London, mmoja wa jua lao. (Nawaelewa, jua lao lilikuwa sahihi.) Marekani kampuni za reli zilijipangia kanda za saa tarehe 18 Novemba 1883, sheria ya nchi ilikuja mwaka 1918.

Lakini hayo yalikuwa ya saa za ukutani. Saa iliyo mwilini, ile inayopanga muda wa kulala na kuamka, haikuguswa. Meli ya mvuke ikivuka kutoka Liverpool hadi New York kwa wiki moja, tofauti ya saa 5 hugawanyika kuwa dakika 40 na kitu kwa siku, na mwili huweza kuhama kama saa 1 kwa siku. Ndege za jeti zilipoanza kupakia abiria kuvuka Atlantiki mwaka 1958, tofauti ileile ikamezwa kwa siku moja.

Kwenda mashariki ni kugumu zaidi, maana saa ya mwili kwa watu wengi huzidi saa 24 kidogo: kuchelewa kulala ni rahisi, kuwahi ni vita.

Dawa ni mwanga, ila wengi huutumia vibaya. Joto la mwili hushuka kabisa saa 2 hadi 3 kabla ya muda wako wa kuamka. Mwanga kabla ya hapo huichelewesha saa ya mwili, baada ya hapo huiwahisha. Tuseme huamka saa kumi na mbili asubuhi. Joto hushuka kama saa tisa usiku. Ukienda mashariki kwa tofauti ya saa 6, hiyo ni saa tatu asubuhi ya huko. Ukitoka juani saa moja asubuhi, umejiharibia. Vaa miwani ya jua au kaa ndani mpaka saa nne, kisha toka nje. Siku inayofuata wahi zaidi kwa muda wa saa 1, yaani toka saa tatu. Ukielekea magharibi, tafuta mwanga wa jioni.

Safari ya siku mbili usijisumbue. Kula na lala kwa saa za ulikotoka.

Mama yako