Homa ya mtu anayejidunga msiiite arosto, mpelekeni hospitali leo

Dada, fungua huo mlango umpeleke mdogo wako hospitali. Haya mengine utayasoma mkiwa njiani.

Umeandika kwamba anajidunga unga, yaani heroini, kwamba mmemfungia chumbani tangu juzi ili aache, kwamba ana homa kali na anatetemeka, mkono umevimba pale anapochoma, na baba amesema hospitali ataenda akishakuwa msafi. Halafu ukauliza arosto, yale mateso ya mwili kukosa unga, huchukua siku ngapi, mumpe nini cha kumtuliza, soba hausi (nyumba ya kuachishia unga) ipi inafaa, na kama kuna haja ya kupima homa ya ini. Mimi nimekwama kwenye homa. Maneno hayo hayo yalisemwa nyumbani kwetu juu ya kaka yangu, na waliotujibu "hiyo ni arosto tu, itapita" ndio waliotufikisha pabaya.

Arosto ya heroini inajulikana. Huanza baada ya kupita saa 8 hadi 24 tangu dozi ya mwisho, na kwa kawaida huisha ndani ya siku 4 hadi 10. Mtu anapiga miayo, anatokwa machozi na kamasi, vinyweleo vinasimama, tumbo linakata, anahara, anatapika, misuli inauma, usingizi hauji, mboni za macho zinapanuka. Jasho lipo, kusikia baridi kupo, hata joto kidogo linaweza kuwepo. Lakini homa kali yenye kutetemesha, tena kwa mtu mwenye uvimbe pale anapochoma sindano, ni ya maambukizi mpaka kipimo kiseme vinginevyo. Kipimo, si mjomba wala jirani.

Kaka yangu alianza hivyo hivyo. Tukamwita mtu mmoja anayeendesha soba hausi aje amwone. Akamshika paji la uso, akatuambia sumu inatoka mwilini, jasho ni dalili njema. Sumu inatoka! Nikiyakumbuka maneno hayo nachemka mpaka leo. Yule bwana hakuwa na hata kipimajoto, hakuwa amesomea tiba yoyote, ila alikuwa ameacha unga miaka kadhaa na nyumba nzima ikaona hiyo ndiyo shahada. Kuacha ni jambo zito na namheshimu kwa hilo. Ila alipaswa kusema "hili silijui, nendeni kwa daktari". Badala yake akatuagiza tununue antibayotiki dukani.

Hapo ndipo palipoharibika zaidi. Vidonge vilishusha homa, kila mtu akamshukuru Mungu, kisha ikarudi. Ikashuka, ikarudi. Kikaja kikohozi, kikaja kichomi kila akivuta pumzi, tukaambiwa ni sigara. Tulipomfikisha hospitali alikuwa hamalizi sentensi bila kuhema. Daktari aliweka kifaa chake kifuani, akanyamaza kidogo, akaagiza kipimo cha mawimbi ya sauti cha moyo saa ile ile. Kwenye vali ya moyo, kile kilango kinachopitisha damu, palikuwa na bonge la uchafu wa bakteria.

Elewa inavyokuwa. Ngozi ya kila mtu ina bakteria wake, na anayeongoza kwa balaa hili anaitwa stafilokokasi. Sindano ikipita kwenye ngozi isiyosafishwa, au ikiwa yenyewe imeshatumika, inawaingiza moja kwa moja kwenye mshipa. Damu ya mishipa hiyo inarudi upande wa kulia wa moyo, wanafikia kwenye vali iliyoko hapo, wanajishikiza na kujenga. Vipande vinameguka vinakwenda kwenye mapafu. Kumbe kile kikohozi kilikuwa hicho. Wengine huwashukia kwenye mifupa ya mgongo, na huyo usipomwahi anaweza kupooza miguu. Kwa hiyo mdogo wako akikwambia mgongo unauma vibaya, miguu haina nguvu au mkojo umeziba, usimwambie ajinyooshe. Mseme hivyo hivyo mlangoni hospitali.

Na vile vidonge vya dukani? Ili daktari ajue ni bakteria gani na dawa ipi inamuua, damu inachukuliwa na kuoteshwa maabara. Aliyekwisha kumeza antibayotiki, damu yake mara nyingi haioti kitu ingawa vali inaendelea kuliwa. Madaktari wa kaka yangu walibaki kutibu kwa kukisia. Tiba yenyewe ni dawa ya mshipani, kwa kawaida wiki 4 hadi 6, si kile kipakiti cha siku tano. Kwa hiyo kama hajameza, asimeze sasa. Kama amemeza, taja jina la dawa na siku aliyoanza.

Sasa la baba, na naomba umfikishie kwa heshima zote: hakuna kanuni ya tiba inayosema mtu awe msafi kwanza ndipo atibiwe. Nasi tuliiamini, wala hatukuitoa hewani. Tuliambiwa na mhudumu wa zahanati moja, kaka alipokwenda na jipu. "Acha kwanza hayo mambo yako ndio uje." Akamwita teja mbele ya benchi zima la wagonjwa. Kaka akarudi nyumbani na jipu lake, akalipasua mwenyewe, na kuanzia siku ile akaapa hakanyagi tena hospitali. Mimi huyo mhudumu simsamehei. Watu wanadhani wanaojidunga hawajali afya zao. Wanajali, ila wanapiga hesabu: nitatukanwa, nitakaa mpaka jioni, huenda wataita polisi, na arosto itanikuta nimelala wodini hakuna wa kunisaidia. Wakimaliza hesabu wanabaki nyumbani mpaka wabebwe.

Hiyo ya arosto wodini ishike sana, maana ndiyo inayowatoa watu kitandani kabla tiba haijaisha. Kaka alichomoa dripu mara ya kwanza akaondoka usiku. Manesi wakasema hataki kupona. Alikuwa anaumwa arosto, basi! Aliporudishwa akakuta daktari mwingine aliyemwanzishia methadoni, dawa ya kuzuia arosto, pale pale wodini, na mtu yule yule "asiyetaka kupona" akalala wiki zote mpaka dozi ikaisha. Methadoni na buprenofini ziko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2005. Si unga kwa jina lingine, kama shangazi zetu wanavyosema. Kwa hiyo mkifika tu, kabla arosto haijamkamata sawasawa, uliza: mtampa nini cha arosto? Wakijibu kwamba atavumilia, omba kuonana na daktari mkubwa zaidi. Omba kwa adabu, lakini usiondoke hapo.

Kaka yupo hai. Vali ilifanyiwa upasuaji, ngazi anapanda kwa kupumzika, na siku akiwa na furaha anatutania kwamba yeye ndiye pekee kwenye ukoo aliyetiwa kiraka moyoni kama tairi la baiskeli. Tunacheka naye. Lakini mapafu yake hayatarudi yalivyokuwa, na hilo lingezuilika kama angefika siku ile ya kwanza ya kutetemeka.

Kuhusu kumfungia. Mwili uliozoea unga ukikaa hata siku chache bila unga unapoteza ule uzoefu. Akitoka hapo chumbani akachoma kiasi kile kile cha zamani, anaweza kuacha kupumua. Ndiyo maana vifo vingi hutokea baada ya mtu kutoka gerezani au kwenye nyumba za kuachishwa, wakati ndugu wanaamini kazi imekwisha. Mkiweza kupata naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidiwa na unga, iwepo nyumbani na kila mtu ajue inavyotumika. Inarudisha pumzi ndani ya dakika chache, lakini nguvu yake inaweza kuisha kabla unga haujaisha mwilini, kwa hiyo hata akiamka mpelekeni hospitali, msimwache alale peke yake.

Homa ya ini, ndiyo, apimwe, na virusi vya ukimwi pia, damu ikishachukuliwa kwa ajili ya hii homa. Homa ya ini aina ya C siku hizi inatibika kwa vidonge vya wiki 8 hadi 12 na zaidi ya asilimia 95 wanapona kabisa, hata kama bado anajidunga. Akiambiwa aache kwanza ndipo apewe, hilo nalo ni lile lile la zahanati.

Mlangoni usianze na historia ya familia. Sema hivi: "Anajidunga dawa, ana homa kali na kutetemeka, mkono umevimba, naomba damu yake ioteshwe kabla ya antibayotiki na moyo wake upimwe." Neno "anajidunga" usilifiche kwa aibu. Daktari asiyelijua atatafuta ugonjwa mwingine na muda utapotea. Na wewe kaa naye ndani kwenye chumba cha daktari, usimwache aingie peke yake. Anayesindikizwa na dada yake hatukanwi kirahisi.