Safari ya kwanza ndefu kwa baiskeli: anza na maji, saa na upepo

Mara ya kwanza nilipojaribu kwenda Tanga kwa baiskeli niliondoka Dar es Salaam mwezi Februari, saa 2 asubuhi jua limeshapanda, na chupa moja ya maji kwenye fremu. Hesabu yangu ilikuwa fupi. Njia ya Bagamoyo na Msata ni zaidi ya kilomita 300, mjini naendesha kilomita 20 kwa saa bila shida, kwa hiyo siku 3 zinatosha.

Siku ya pili, baada ya kuvuka Mto Wami na kuanza kupanda upande wa pili, shati langu lilikuwa limeota chumvi nyeupe mgongoni na kifuani. Kichwa kilikuwa kinagonga. Nilisimama kwenye kibanda cha mama mmoja aliyekuwa akichoma mahindi, nikataka kumwamkia, maneno yakatoka ovyo. Chupa nilikuwa nayo mkononi na vidole vikashindwa kufungua kifuniko. Yule mama hakuuliza kitu. "Kaa chini, mwanangu," alisema, akanivuta kivulini, akachota maji kwa kata na kunimwagia kichwani, shingoni na kifuani, kisha akashika ungo akaanza kunipepea. Nilipopata fahamu vizuri ndipo akanipa uji mwepesi, kidogo kidogo. Jioni nilirudi Dar kwa basi.

Nimeshafika Tanga kwa baiskeli tangu siku ile, na kila ninayemsikia anapanga safari yake ya kwanza namwambia aiweke ramani pembeni kwanza. Miguu yangu siku ile ilikuwa na nguvu bado. Nilipanga kilomita, sikupanga maji, saa wala upepo.

Nianze na upepo, maana ndio watu wengi hawaufikirii kabisa. Februari ni msimu wa kaskazi, upepo unaotoka kaskazini, na mimi nilikuwa naelekea huko huko, kwa hiyo siku nzima upepo ulikuwa usoni. Manahodha wa majahazi wa pwani hii wamepanga safari zao kwa kusi na kaskazi kwa karne nyingi, na mwendesha baiskeli anapaswa kufanya hivyo hivyo. Mara ya pili niliondoka Julai. Masika yameshapita, kusi, upepo wa kutoka kusini, inasukuma mgongoni, na alfajiri joto linaweza kushuka hadi karibu nyuzi 19, wakati mchana wa Februari unapita 32 na unyevu hewani haukubali jasho likauke. Jasho linalotiririka bila kukauka halikupozi, linakumalizia maji tu. Kama unatoka Tanga kwenda Dar, geuza hesabu hii.

Kisha saa. Siku yangu sasa ina vipande viwili. Naamka saa 10 na nusu alfajiri, nakunywa chai na chapati, na mara tu barabara inapoonekana vizuri niko njiani. Saa 5 asubuhi nashuka, hata kama najisikia naweza kuendelea. Natafuta mgahawa wenye kivuli, nakula wali maharage, nalala kidogo. Saa 9 na nusu alasiri naendelea, na kabla ya magharibi niko gesti. Usiku siendeshi hata kidogo kwenye barabara kuu ile, kwa sababu ya malori na mabasi. Kwa mpango huo kilomita 60 hadi 70 kwa siku zinatosha kwa anayeanza: Dar hadi Bagamoyo, Bagamoyo hadi Msata, Msata hadi Mkata, Mkata hadi Segera, Segera hadi Tanga. Siku 5. Mtu akikwambia ni polepole, mwache.

Maji nayapanga kwa saa. Kwenye joto letu mtu mzima anayeendesha kwa mwendo wa kawaida huhitaji kama nusu lita hadi lita moja kila saa, kwa hiyo sitoki kijijini nikiwa na chini ya lita 3. Kuna vipande kati ya Wami na Mkata ambapo vibanda vinaachana, usitegemee bahati. Chupa ninayoitumia naivalisha soksi ya pamba iliyolowa. Upepo unapokausha soksi, maji ndani yanapoa, kama yanavyopoa kwenye mtungi wa udongo. Soksi ikikauka, inyunyizie tena.

Maji matupu peke yake hayatoshi, na ukiyanywa kwa wingi siku nzima bila chumvi unaweza kudhurika: kichwa kinauma, kichefuchefu, vidole vinavimba, na hali ikizidi ni hatari kwa maisha. Nabeba pakiti za dukani za ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji. Zikiisha nachanganya mwenyewe: lita 1 ya maji salama, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vyote vikiwa vimesawazishwa, si vya kujaza kilima. Dafu ni zuri na nalipenda, ila chumvi yake ni kidogo kwa mtu aliyetoka jasho kwa muda wa saa 4, kwa hiyo nalinywa na karanga zenye chumvi. Mwenye presha, kisukari au tatizo la figo aongee na daktari wake kabla ya kufuata vipimo vyangu.

Angalia mkojo wako kila unaposimama. Ukiwa wa rangi ya chai, hujanywa vya kutosha. Na mwenzako akianza kuongea ovyo au kuyumba, usimwambie ajikaze. Mpeleke kivulini, mmwagie maji mwilini, mpepee, tafuta gari la kumpeleka hospitali, na kama hana fahamu sawasawa usimnyweshe kitu.

Mwili unahitaji kama wiki 2 kulizoea joto. Kabla ya safari yangu ya pili niliendesha kila siku alasiri, nikaanza na nusu saa nikaongeza taratibu. Halafu nilifanya jaribio ambalo namsihi kila mtu alifanye: nilifunga mzigo wote kwenye keria, nikaenda Bagamoyo, nikalala, nikarudi kesho yake. Hapo ndipo nilipogundua kwamba keria inayumba na siti iko chini mno.

Kuhusu baiskeli yenyewe sina mengi. Baiskeli yoyote imara inafika. Mpelekee fundi wiki moja kabla, si siku moja kabla. Beba tyubu 2, viraka na solushani, pampu, spana za nati zako na spoku chache. Vaa shati jepesi la mikono mirefu, na paka mafuta ya mgando sehemu zinazosuguana kabla hazijaanza kuuma. Weka kioo cha pembeni. Basi linapokuja mbele yako huku linaovateki, ondoka barabarani mara moja, haki yako utaidai siku nyingine.

Safari ile ya Julai nilipita tena kwenye kibanda cha yule mama nikamwambia shikamoo. Alinitazama, akaitazama chupa yenye soksi, akaigusa. "Ya baridi kweli," alisema. Nilinunua mahindi mawili, nikakaa hadi saa 9 na nusu.

Kurudi nilipanda basi. Ongea na kondakta siku moja kabla, mkubaliane bei ya baiskeli kabisa, toa gurudumu la mbele, na ilaze kwenye buti upande wa cheni ukiangalia juu.