Kwa nini daktari anauliza kuhusu kuanguka?

SWALI: Mama yangu, mwenye miaka 74, anakaribia kuanza tibakemikali (dawa kali za kutibu saratani). Mbona daktari alimuuliza kama amewahi kuanguka?

JIBU: Swali hilo lina uzito. Mwaka 2011 daktari wa saratani Arti Hurria na wenzake nchini Marekani walichapisha kipimo cha kukadiria hatari ya madhara makali ya tibakemikali, kilichotokana na wagonjwa 500 wenye miaka 65 na kuendelea, ambao zaidi ya nusu yao walipata madhara makali. Pamoja na umri, aina ya saratani, kiwango cha damu na hali ya figo, kipimo hicho huuliza kama mgonjwa ameanguka katika miezi 6 iliyopita, anasikia vizuri na anameza dawa bila msaada. Mama asifiche kwamba aliteleza bafuni, hata kama aliinuka mwenyewe. Daktari akijua, anaweza kupunguza dozi au kumfuatilia kwa karibu zaidi.